Vitofali vya Ambokile

Kuanzia Ikolo mpaka Makwale hajapata kuzaliwa fundi kama Ambokile. Huo ni ushahidi wa Ambokile mwenyewe, nami nautoa kama nilivyoupokea, sijautia chumvi.

Ufundi wake aliupata misheni, enzi za Mdachi, kwenye karakana ya useremala. Kazi yake ilikuwa kushika ncha ya ubao wakati mwenzake anakata kwa msumeno. Aliishika ncha hiyo msimu mmoja. Alipotoka pale alikuwa anatembea na penseli sikioni, na ukipita naye karibu na kanisa anasimama, anautazama ukuta, anatikisa kichwa.

"Bila mkono wangu, Hezroni, hili lingekuwa zizi la mbuzi."

Hezroni ndiye mimi. Nilikuwa jirani yake, ua kwa ua, katika kijiji chetu cha vijana kando ya misheni ya Ipyana. Kwetu wakati ule baba na mwana hawakukaa kijiji kimoja. Vijana wa rika moja walijijengea kwao, wazee wakabaki kwao. Baba yake Ambokile, mzee Asegelile, aliishi ng'ambo ya mto, na hilo lilimfaa sana mwanawe, maana sifa zake zilivuka mto na kazi zake zikabaki huku.

Nimesema kazi zake. Alipata kutengeneza kigoda. Nilikikalia mimi. Tuyaache hayo.

Sasa sikiliza. Mke wa mchungaji wetu wa Kijerumani alikuwa na kabinti kake, Lizi, na Lizi alikuwa na sanduku la vitofali vya mbao vya kuchezea vilivyotoka Ulaya. Vingine vya mraba, vingine vya pembetatu vya kuezekea, vingine vimepindwa kama kilele cha mlango wa kanisa, na vyote vimechorwa maua. Mtoto anapanga, nyumba inasimama. Anaipiga teke, inaanguka. Anacheka, anapanga tena. Siku moja wakafungua sanduku wakakuta unga! Mchwa wa Kyela hawana ubaguzi, cha Ulaya wanakula na cha kwetu wanakula. Mtoto akalia mpaka akapata kwikwi, na Krismasi ilikuwa inabisha hodi.

Jumapili hiyo kanisani yakatangazwa mambo mawili.

La kwanza, boma linataka wapagazi wa kupandisha mizigo milimani kwa Wakinga, vijana wote wenye nguvu, mara tu baada ya Krismasi. Pale pale nusu ya vijana wa kijiji chetu wakaanza kuchechemea, na walikuwa wamekaa.

La pili, mchungaji anamtafutia mtoto fundi wa vitofali vipya. Atakayeviweza ataandikwa fundi wa misheni. Na fundi wa misheni, kila mtu alijua, boma halimgusi.

Ambokile akasimama kabla mchungaji hajafunga mdomo.

"Kazi hiyo naifanya huku nimelala!"

"Utatumia mbao gani?" mchungaji akamuuliza.

"Mbao?" Ambokile akacheka kwa huruma. "Mbao ni chakula, mchungaji. Mimi nitavifanya vya udongo wa kuchoma. Mchwa akiving'ata atarudi kwao kibogoyo!"

Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Mimi niligeuka nikautazama upande wa wanawake, nyuma ya nguzo, alikokaa mkewe Tusekile.

Tusekile alikuwa binti wa Kikisi kutoka ufukweni, na Wakisi ndio wanaolipikia ziwa hili lote, maana vyungu vyote vinatoka kwa mama zao. Alikuwa mfinyanzi hodari na ulimi wake haukuwa na kutu. Lakini kanisani hakuwa anatoa hata sauti ya kuimba, kwa sababu mzee Asegelile alikuwa anakaa mbele.

Kwetu mwanamke haonani na baba mkwe wake. Uso wake hauangalii, jina lake halitamki, sauti yake mwenyewe hamsikilizishi. Wakikutana njiani, mwanamke anaingia majanini. Mchungaji alishatuambia kwamba kwa Wakristo desturi hiyo imekwisha. Desturi yenyewe haikuambiwa. Tangu harusi mzee Asegelile hakuwahi kumwona mke wa mwanawe wala kumsikia. Kilichovuka mto ni chakula tu. Tusekile alikuwa anamgandishia maziwa katika chungu alichofinyanga mwenyewe, na mtu mwingine anapeleka.

Jioni ile ukuta wa ua ulikuwa mwembamba kama kawaida.

"Baba Mika," Tusekile alimwita mumewe kwa jina la mtoto wao, "nimesikia umepata kazi ya udongo."

"Tumepata, mke wangu."

"Kanisani ulikuwa peke yako."

"Sasa unataka nikabebe mizigo ya Mdachi? Nikafie kwenye baridi ya Ukinga? Mika abaki yatima?"

Tusekile akafikiri. Alifikiri muda mrefu kuliko Ambokile alivyopenda.

"Mpunga wangu nani atapalilia?" akasema mwishowe. "Haya, nitafinyanga. Lakini udongo utachota wewe. Na siku ya kukabidhi utasema mbele za watu kazi ni ya nani."

"Naapa mbele ya..."

"Usiape. Shika kikapu."

Ambokile akaenda mtoni akaleta kikapu kimoja. Alirudi na shingo imeenda upande, akanieleza kwamba udongo wa siku ile ulikuwa na uzito usio wa kawaida. Uliobaki aliubeba Tusekile, Mika yuko mgongoni.

Basi mama yule akafinyanga! Vya mraba, vya pembetatu, nguzo ndogo, na vya matao. Kila kimoja alikiacha na uwazi ndani, na chini akakitoboa tundu. Kisha akavisugua kwa kokoto mpaka vikang'aa, akavichora kwa ngeu nyekundu na udongo mweupe: mfupa wa samaki, na pembeni yake vitone, kama alivyochora vyungu vyake vyote tangu alipokuwa msichana.

"Tundu la nini?" Ambokile akauliza.

"La kupumulia. Kitu kinene kikikosa pumzi motoni, kinapasuka."

Ambokile akaitikia kwa kichwa, yaani hakusikia.

Vilipokauka, Tusekile akaenda kupalilia mpunga. Ambokile akabaki navyo kibarazani, anakinyanyua kimoja, anakigeuza, anakiweka. Nikamwona anakunja uso. Kila alipogeuza, lile tundu lilikuwa linamtazama. Fundi mzima, anayetegemewa na kanisa, atampa mtoto wa Kizungu tofali lenye tundu makalioni? Akachukua udongo mbichi, akajaza matundu yote, akashindilia kwa kidole, akalainisha juu kwa mate.

"Nimevitia uzito," akaniambia. "Sasa vina heshima."

Hakuridhika na hapo. Akapeleka habari ng'ambo kwamba kesho baba yake aje aone mwanawe anavyochoma.

Kesho yake Tusekile alishapanga kuni na nyasi uani, anajiandaa kuvipanga vitofali, mara njiani kikasikika kikohozi. Kikohozi kirefu, cha heshima. Ndivyo mzee anavyopiga hodi ili mkwe wake apate nafasi ya kutoweka. Tusekile akamnyakua Mika, akaruka kichaka cha magimbi, akazama migombani.

"Ugonile, mwanangu," mzee akasalimu, akaketi kwenye kigoda kilichoazimwa kwangu. "Nimekuja kuona."

"Umefika, tata! Kaa hapo hapo, usiondoke."

Maneno hayo Ambokile aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe.

Akaanza kumwonyesha baba yake kitofali kimoja kimoja, juu na chini. Kule migombani nikaona majani yanatikisika. Tusekile alikuwa ameona kwamba kwa chini hamna tundu! Akatoa mkono, akaanza kudonoa kiganja kwa kidole. Ambokile akamwona, akadhani anaambiwa aharakishe, akaongeza kuni. Tusekile akaonyesha chini, chini, chini! Ambokile akachuchumaa. Ndizi mbichi ikatoka migombani ikampiga mgongoni.

"Upepo," Ambokile akamwambia baba yake.

"Naam," mzee akasema. Hapakuwa na upepo.

Hapo Mika akaangua kilio kule migombani.

"Nani huyo?" mzee akauliza.

"Kondoo, tata."

Mzee akasikiliza kwa makini. "Ana mafua," akasema, akaendelea kutazama zile kuni.

Tusekile akazunguka nyuma ya ua akaja kwangu, macho yamemtoka, ananong'ona kama nyoka.

"Shemeji! Mkimbilie yule mpumbavu. Mwambie ameziba pumzi, avitoboe upya kabla havijaingia motoni!"

Nilikuwa na maharage jikoni, lakini nikayaacha. Nikaenda, nikainama sikioni kwa Ambokile, nikamfikishia yote isipokuwa neno "mpumbavu", ambalo nililitunza.

Kama baba yake asingekuwepo, pengine angesikia. Lakini mzee alikuwa anatazama, na mtu wa kumfundisha fundi kazi mbele ya baba yake nilikuwa mimi, mpika maharage. Ambokile akasimama, akachomoa penseli sikioni.

"Hezroni, ndugu yangu, kila mtu na fani yake. Kageuze maharage."

Akavitumbukiza vitofali vyote kwenye kuni, akafunika kwa nyasi, akawasha.

Nikaenda kugeuza maharage. Sikuyageuza muda mrefu.

Pa!

Kimya kidogo.

Pa! Pa! Pa-pa-pa!

Mama yangu! Vigae vikapaa kila upande, kuku wakapanda mapaa, mtu akapiga kelele, "Mdachi anatupiga bunduki!" na kijiji kizima kikatimua mbio kuelekea mashamba ya mpunga. Wale vijana waliokuwa wanachechemea tangu Jumapili ndio waliotangulia. Kigae kimoja, cha pembetatu, kikavuka ua kikaingia moja kwa moja kwenye chungu changu cha maharage, na kutoka upande wa pili.

Nilipochungulia, mzee Asegelile alikuwa bado amekaa kwenye kigoda, mweupe kwa majivu kutoka utosini mpaka miguuni.

"Mwanangu," akasema, "na hii nayo ni sehemu ya kazi?"

"Ndiyo, tata." Ambokile alikuwa amelala kifudifudi. "Ndivyo tunavyopima uimara."

"Na kipi kimeonekana imara?"

Wote wawili wakatazama. Lilikuwa limebaki tao moja, nusu.

"Ndaga fijo," mzee akashukuru, akajikung'uta majivu. "Leo nimejifunza." Akaenda zake, na safari hii alikohoa mpaka alipofika mtoni, ili mtu aliyeko migombani ajue njia ni nyeupe.

Tusekile akatoka. Maneno ya siku nzima yalikuwa yamemjaa kifuani, yakatoka yote kwa pamoja. Siwezi kuyarudia, mimi ni mzee wa kanisa sasa. Alipomaliza, Ambokile alikuwa amekaa katikati ya vigae anafuta machozi, na hayakuwa ya moshi.

"Nimekwisha, mama Mika. Watanitwika sanduku la risasi. Nitakwenda kufa, na shingo yangu unaijua."

Tusekile akamtazama, na huruma ikamshika, jambo ambalo mpaka leo simlaumu sana. Akaingia jikoni, akapanda darini juu ya mafiga, akashusha kapu. Ndani mlikuwa na vitofali vingine, vimechorwa mfupa wa samaki na vitone, vimekauka kwa moshi, na chini kila kimoja kina tundu lake.

"Mfinyanzi asiyefinyanga vya akiba huyo hajawahi kuchoma," akasema. "Hivi nitavichoma mimi. Wewe na shemeji mkae kule, mbali, na mkono usinyooshwe. Na ahadi yetu unaikumbuka?"

"Mbele za watu wote! Kwa sauti!"

Akavichoma kesho yake alfajiri. Havikutoa mlio hata mmoja. Mimi nikapewa chungu kipya.

Siku ya Krismasi, baada ya ibada, mchungaji akatandika mkeka mbele ya madhabahu, Lizi akamwagiwa vitofali. Kanisa zima likasimama kwa ncha za vidole. Mtoto akapanga nguzo, akaweka tao, akaezeka, akaichungulia nyumba, kisha akaipiga teke. Nyumba ikaanguka, hakuna kilichopasuka. Akacheka! Mama yake akafuta macho, na sisi tukapiga vigelegele mpaka popo wakatoka.

"Ambokile," mchungaji akasema, "kazi hii umeifanya peke yako?"

Ambokile akavuta pumzi. Akatazama kule kwenye nguzo, ambako Tusekile alikuwa kajitanda kitambaa mpaka puani. Kisha akatazama benchi la mbele, na hapo alikuwa amekaa baba yake. Nikaona uso wake unafunguka polepole, na nikajua amekumbuka kitu. Baba akiwa humu ndani, Tusekile hawezi kufungua mdomo.

"Peke yangu, mchungaji," akasema. "Mke wangu alinisaidia maji ya kunywa."

Loo! Nimeona wanaume wengi, lakini uso mkavu namna ile, ziwa lenyewe lisingeulowesha. Nyuma ya nguzo kitambaa kilikuwa kinapanda na kushuka.

Mzee Asegelile akainuka. "Naomba nikione kimoja."

Akapewa. Akakigeuza juu, akakigeuza chini, akachungulia lile tundu. Kisha akainama chini ya benchi, akatoa chungu chake cha maziwa ya mgando alichokuja nacho kwa ajili ya mchana. Akaviweka pamoja kwenye mkeka. Mfupa wa samaki, na vitone. Mfupa wa samaki, na vitone.

Akaipa ile nguzo mgongo, ndipo akasema.

"Mchungaji, mwanamke aliyefinyanga chungu hiki sijapata kumwona. Akipita hapa sasa hivi sitamjua. Lakini mkono wake naujua, maana nimekula humu tangu alipoolewa, na sijawahi kulala njaa. Huu ni mkono wake." Akakirudisha kitofali. "Mkono wa mwanangu sina pa kuulinganisha. Sijawahi kupata kitu alichokimaliza."



"Na yule kondoo mwenye mafua," mzee akaongeza, "mpelekeni kwa mganga wa misheni. Ni mjukuu wangu."

Hapo hata mchungaji alilazimika kujifunika uso kwa kitabu cha nyimbo. Ambokile alikuwa anatafuta mahali pa kuangalia, na hapakuwepo.

"Basi fundi wa misheni ni Tusekile," mchungaji akasema alipopata sauti. "Kuna watoto wengine misheni za milimani, na wa shule yetu, wote wanahitaji vitofali. Fundi ana haki ya msaidizi mmoja, na huyo naye boma halimchukui. Tusekile, unamtaka nani?"

Ambokile akapiga magoti pale pale alipokuwa. Uhai wake wote, na shingo yake, vilikuwa katika mdomo wa mwanamke ambao dakika iliyopita yeye Ambokile alifurahi kwamba hauwezi kufunguka.

"Kwa nini hajibu?" mchungaji akauliza.

"Baba mkwe yuko hapa," tukamwambia.

"Desturi hiyo si imekwisha?"

"Imekwisha kabisa, mchungaji," kanisa zima likaitikia. Tusekile hakufungua mdomo.

Kisha mkono ukatoka nyuma ya nguzo, ukaniita mimi. Nikaenda, nikategesha sikio, nikasikiliza mpaka mwisho. Halafu nikarudi mbele. Katika maisha yangu sijapata kutembea polepole namna ile. Njiani nilisimama kufunga kamba ya kiatu, na sikuwa na viatu.

"Hezroni!" Ambokile akalia. "Sema!"

"Amesema," nikatangaza, "atamchukua Baba Mika."

Ambokile akainua mikono juu.

"Wa kubeba udongo."

Akaishusha. Lakini alikuwa ameokoka, hilo halina ubishi. Wapagazi walipoorodheshwa, jina lake halikuwemo. Langu lilikuwemo.

Tuliondoka kabla ya mvua kubwa, kila mtu na mzigo wake kichwani. Tulipofika kwenye kivuko cha mto, askari akatuambia tutue, tupumzike, tunywe maji. Nikatua. Mara nikamwona mtu anapanda kutoka ukingoni na kikapu cha udongo kichwani, jasho linamchuruzika, shingo imeenda upande. Penseli haikuwepo.

"Ugonile, msaidizi wa fundi," nikamsalimu. "Hicho ni cha ngapi leo?"

Alikuwa anatutazama tulivyokaa kivulini tumenyoosha miguu.

"Mnapumzika mara nyingi?" akauliza.

"Kila kwenye kivuko. Tukifika Ukinga tunatua kabisa, tunarudi nyumbani mikono mitupu."

Akameza mate. Kutoka kule uani, ambako hapakuwa na baba mkwe wala dalili ya baba mkwe, ikaja sauti ya Tusekile, kali, imevuka migomba yote.

"Baba Mika! Udongo!"

Ambokile akageuka nyuma, akaniinamia haraka haraka.

"Hezroni, ndugu yangu," akaninong'oneza. "Huko kwenu hamjapungukiwa mtu?"